Pikipiki ya Chanjo

Mwezi wa tatu mwaka 1954, mchunga ng'ombe mmoja wa Kisangu aliingia Mbeya kwa miguu, akaenda moja kwa moja hospitali, akasema kwao Rujewa watu wanatoka malengelenge mwili mzima. Alikuwa ametembea siku nne. Mvua zilikuwa zimekata barabara mahali pawili, na malori ya kwenda Iringa yalikuwa yamesimama Inyala, mengine yamezama hadi kwenye ekseli. Daktari alimtazama yule mtu kwa mbali, akamuuliza maswali mawili matatu, kisha akasema neno ambalo kila aliyekuwa pale uani alilielewa: ndui.

Dawa ya chanjo ilikuwapo. Ilikuwa katika mirija ya kioo myembamba kama njiti za kiberiti, imelazwa ndani ya friji la mafuta ya taa, na ilitosha watu mia nne. Sharti lake lilikuwa moja tu, isipate joto. Ikikaa kwenye barafu inaishi. Ikishinda katika joto la Usangu inakufa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Mtu anaweza kuchanjwa nayo akaenda zake akidhani amekingwa.

Gari lisingepita. Palikuwa na pikipiki moja ya zamani, mabaki ya jeshi, na palikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, aliyekwisha kuugusa ugonjwa ule bila hofu, Philbert Kalinga, Mhehe wa Iringa, mtu wa maneno machache. Lakini Philbert hakujua kuendesha. Ndipo akaitwa Zubery.

Zubery bin Muharami alikuwa fundi wa mashine karibu na soko la Mbeya. Babu yake alitoka pwani na msafara wa biashara akabaki huku kwenye baridi, akaoa, akazikwa. Zubery mwenyewe injini alizijulia vitani, huko Burma, na aliporudi watu walisema anaweza kuisikiliza mashine ikipita njiani akakwambia inaumwa wapi. Ile pikipiki ya hospitali ni yeye aliyeitengeneza wiki iliyopita, ilipokuwa inakataa kuwaka asubuhi. Alipoambiwa safari ni ya Rujewa hakungoja kuambiwa zaidi. Dada yake Waridi aliolewa Rujewa, na alikuwa na watoto wawili: Rukia wa miaka minne, na mtoto mchanga wa miezi mitano.

Waliondoka kukiwa kunapambazuka. Philbert alikuwa ameifunga chupa ya themosi kifuani kwa bendeji pana, kama mwanamke aliyempakata mtoto kwa mbele. Ndani mlikuwa na mirija, na juu ya mirija barafu iliyopondwapondwa.

"Barafu itafika mpaka jioni," Philbert alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

"Saa tisa alasiri tutakuwa tunakunywa chai kwa dada yangu," Zubery alimjibu, akapiga kiki. Pikipiki ikawaka mara ya kwanza.

Uyole waliipita vizuri. Waliyapita malori ya Inyala yaliyozama, matingo wakawapungia mikono. Walipoanza kupanda kilima kifupi chenye tope jekundu, Zubery alihisi mashine inapungua nguvu katikati ya mapaja yake. Aliongeza mafuta, haikuitika. Harufu ya chuma kilichoungua ikapanda puani. Kabla hawajafika juu injini ilianza kugonga, kama mtu anapiga chungu kwa kijiko, naye akaizima.

Alisogeza kiganja kwenye silinda akakirudisha kabla hakijagusa.

"Imefanyaje?" Philbert aliuliza.

"Imepata moto kupita kiasi. Ngoja kwanza."

Tope lilikuwa limejaa kati ya mapezi ya silinda, pale upepo unapopita kuipoza, likawa limekauka kama matofali. Zubery akachukua kijiti akaanza kulikwangua. Philbert alikwenda kwenye mfereji akarudi na maji ndani ya kofia yake.

"Nimwagie?"

"Usithubutu! Chuma kina moto hivi, ukikimwagia maji kitapasuka. Tukae tu."

Wakakaa nusu saa. Philbert aliyatumia yale maji kulowesha kipande cha gunia, akakizungushia chupa, ili upepo wa njiani ulipoze gunia na gunia liipoze chupa. Silinda ilipopoa, Zubery aliwasha tena, akafungua kifuniko cha tangi la oili, akachungulia. Oili ilikuwa inarudi vizuri, inatema tema kwenye mdomo wa bomba. Tatizo halikuwa oili. Basi ni tope, akasema, tope tu, na sasa tumelitoa.

Maili sita mbele ikachemka tena.

Safari hii alifungua plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama majivu. Zubery aliigeuzageuza juani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu. "Unaona, bwana dresa? Nyeupe. Inavuta hewa nyingi, petroli kidogo. Chakula haba, kwa hiyo inaungua yenyewe." Akaifungua kabureta juu ya shati lake alilolitandaza majanini. Kweli ndani mlikuwa na mchanga kidogo. Akapuliza matundu, akapangusa, akaona pia kwamba gasketi inayoshika kabureta kwenye silinda imechanika pembeni. Alikata nyingine kwa wembe kutoka kwenye pakiti yake ya sigara, akaipaka sabuni, akafunga. Kazi ilichukua saa nzima na zaidi. Jua lilikuwa limepanda, na huko chini walikokuwa wanateremkia hewa ilikuwa nzito, ya nchi nyingine, si ya Mbeya.

Philbert aliitikisa chupa taratibu karibu na sikio. Vipande vya barafu viligongana ndani. "Bado ipo," alisema.

Walikwenda maili tatu. Zubery alikuwa ameanza kuimba kwa sauti ya chini pale injini ilipokaza ghafla, gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka, pikipiki ikateleza ubavu, wote wawili wakaenda chini. Philbert aliangukia mgongo, mikono yote miwili imekumbatia chupa. Kiwiko chake kilichubuka mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Jambo la kwanza alilofanya ni kusikiliza kama kioo cha ndani kimevunjika. Hakikuvunjika.

Walikaa pembeni mwa njia. Pistoni ilikuwa imevimba kwa joto ikang'ang'ania ndani ya silinda. Ikipoa itaachia, lakini kila mara inaachia ikiwa imejikwaruza zaidi. Hilo Zubery alilijua, na hakulisema.

"Fundi," Philbert alisema mwishowe, "wiki iliyopita uligusa nini humu?"

"Niligusa magneto. Pale panapotoka cheche. Palikuwa pachafu."

"Huwezi kupatazama?"

"Nilichokigusa mimi kimekaa sawa." Ilitoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Cheche ipo, umeiona mwenyewe inavyowaka. Tatizo ni hewa. Kuna mahali pengine inavuta hewa."

Philbert hakubishana. Hakuwa fundi. Alikwenda kulowesha gunia.

Mchana wote ulipita hivyo. Walikwenda maili mbili, wakapumzika. Maili moja, wakapumzika. Zubery alifungua tena kabureta, akakaza kila alichoweza kukaza, akapaka sabuni kila kiungo, akalegeza mnyororo, akageuza sindano ya petroli ili inywe zaidi. Kila mara alisema sasa nimeipata, na kila mara Philbert alipanda nyuma, na kila mara mashine iliwasaliti. Mwanamke mmoja aliyekuwa analima kando ya njia aliwaletea mahindi ya kuchemsha akawauliza kama wao ndio wanaoleta dawa. Philbert alimjibu ndiyo. Zubery aliinama akajifanya anatafuta spana.

Jua lilizama hawajafika hata Igurusi. Walikuwa wanasukuma pikipiki kwenye kilima cha mwisho, injini inanguruma bila nguvu, Zubery ameshika usukani na Philbert anasukuma nyuma, na kiza cha magharibi kikaanza kuingia. Ndipo Zubery alipoliona. Bomba la moshi, pale linapotoka kwenye silinda, lilikuwa jekundu. Jekundu kabisa, kama jembe ndani ya moto wa mhunzi. Mchana kutwa lilikuwa hivyo, na mwanga wa jua ulikuwa umelificha.

Akaizima injini, akasimama akilitazama bomba linavyofifia.

Bomba haliwi vile kwa sababu ya hewa. Linakuwa vile cheche inapochelewa, petroli ikawa bado inaungua wakati tayari inatoka nje. Na cheche haiwezi kuchelewa mpaka magneto iwe imehama mahali pake.

Alifungua kifuniko cha pembeni. Alikuwa anajua atakachokikuta. Nati inayoshika gurudumu dogo la magneto ilizunguka kwa vidole vyake viwili. Wiki iliyopita hakuwa na spana ya kipimo kile. Aliikaza kwa patasi na nyundo, akajiambia kesho atakwenda kuazima spana aikaze vizuri. Adhana ikapigwa, mteja mwingine akaja, na kesho ile ikapita.

"Philbert," alisema. Hakumwita bwana dresa. "Ni mimi."

Alimweleza yote, hakuficha hata patasi. Philbert alikuwa amechuchumaa na chupa kifuani. Alisema kitu kwa Kihehe, polepole, si kwa Zubery. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Saa sita mchana nilikuuliza."

Kiza kilikuwa kimeingia, na kazi ile haiwezekani bila kuona. Waliomba mahali pa kulala nyumba ya karibu.

Alfajiri alikwishaifungua. Alichomoa plagi, akaingiza bua la nyasi kwenye tundu lake ili aione pistoni inavyopanda na kushuka. Alipasua karatasi nyembamba ya sigara, akaibana kati ya vile vipande viwili vya magneto vinavyoachana cheche inapotoka. Akazungusha gurudumu kidogo kidogo, akiivuta karatasi. Pale ilipoachia, ndipo cheche ilipo. Akapima na bua, akarudia, akarudia tena, kisha akaikaza nati kwa spana aliyoazima kwa dereva wa lori lililokuwa limekwama hapo jirani, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ilimchukua chini ya saa moja. Saa moja tu, jambo ambalo jana lingekwisha pale pale kilimani Inyala.

Pikipiki iliondoka kama mnyama aliyefunguliwa kamba. Haikugonga, haikunuka. Baada ya maili kumi Zubery alisimama, akasogeza kiganja karibu na silinda akaweza kukishikilia hapo kwa kitambo. Kwa silinda iliyojikwaruza namna ile, alikuwa amefanya kazi nzuri. Akapanda tena, kwa aibu asijue atazame wapi.

Chimala daraja lilikuwa limekwenda na maji. Iliwabidi wangoje watu, wakaibeba pikipiki juu ya miti miwili, wanaume wanane, maji kifuani. Hapo Philbert aliitikisa chupa sikioni. Akaitikisa tena. Hapakuwa na mlio wowote.

Waliingia Rujewa saa nane mchana, siku moja nyuma ya wakati. Jua la Usangu lilikuwa linawaka juu ya majaruba ya mpunga. Jumbe wa pale, mzee Saulo, alikuwa ameletewa habari na wapita njia, akawapanga watu mistari minne tangu asubuhi: wazee, kina mama, watoto, vijana wa ng'ombe. Walikuwa zaidi ya mia tatu. Walipoisikia pikipiki walipiga vigelegele.

Philbert alikwenda nyuma ya nyumba ya jumbe, akafungua chupa, akatia kidole. Zubery alimfuata.

"Vipi?"

"Maji ya kuoga."

"Yote imekufa?"

"Sijui. Huenda mirija kadhaa ina uhai kidogo. Huenda hakuna hata mmoja. Hakuna wa kunipimia hapa." Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Nikiwaambia imekufa, watakimbia. Wengine watakwenda Madibira, wengine Chimala, na ndui itakwenda nao. Nikiwachanja, watadhani wamekingwa, watakwenda kuuguza wagonjwa wao. Niambie wewe, fundi. Unajua kuisikiliza mashine. Nifanye nini?"

Zubery alimfikiria Rukia. "Chanja," alisema. "Umesema huenda."

Philbert alichanja mpaka jioni. Alikwangua kila mkono kwa sindano, akatia tone, akasema, "Usilikune." Alimwamuru jumbe Saulo nyumba za wagonjwa ziwekewe miiba mlangoni, mtu asiingie wala kutoka, hata aliyechanjwa. Alilirudia hilo mara tatu, kwa sauti ambayo Zubery hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Jumbe aliitikia, lakini alikuwa anatabasamu, na watu waliokuwa nyuma yake walikuwa wanaonyeshana mikono yao yenye alama.

Nyumbani kwa Waridi chai ilikuwa tayari. Rukia alimwonyesha mjomba wake mahali alipochanjwa, akaringa kwamba hakulia. Mtoto mchanga hakuchanjwa siku ile. Alikuwa na homa ya meno na Philbert alisema aachwe kwanza.

"Dada," Zubery alisema walipobaki wawili, "Rukia asitoke uani. Wiki mbili. Wala wewe usiende kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Yeyote. Mgonjwa yeyote."

Waridi alicheka. "Kaka, sasa dawa ni ya nini? Mama Severina hapo yuko peke yake na mume anaumwa, mwanawe anakesha analia. Mwana huyo kila siku hucheza na Rukia. Nimwache afe kwa njaa, na sisi tumechanjwa?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno yalikuwa mdomoni: dawa imekufa, na mimi ndiye niliyeiua, kwa nati moja. Alimtazama dada yake anavyomimina chai, furaha yake kwamba kaka amekuja mbali hivi na dawa kwa ajili yao. "Usiende tu," alisema. "Nakuomba."

"Haya, bwana," Waridi alisema, kama mtu anavyomjibu mgonjwa wa homa.

Kesho yake Zubery alirudi Mbeya peke yake na barua ya Philbert ya kuomba chanjo nyingine. Alikwenda safari nzima bila kusimama hata mara moja kuipoza mashine. Hospitalini walimwambia friji halina kitu. Simu imepigwa Dar es Salaam, ingojwe wiki tatu, labda chini ya hapo mvua ikipungua.

Siku ya tisa alikuwa Rujewa tena, na sabuni, shuka kuukuu na barua yenye habari hizo. Philbert alimpokea barabarani. Alikuwa amekonda.

"Nimekagua mikono yote," alisema. "Chanjo iliyo hai huvimba siku ya nane. Katika watu mia tatu na kumi na sita, waliovimba ni kumi na moja."

"Rukia?"

Philbert aliangalia chini. "Nenda nyumbani."

Kilichompata Rukia hakihitaji kuelezwa sana. Homa ilikuwa imeanza kabla ya mjomba wake kufika, na siku mbili baadaye uso wake mdogo ulikuwa umejaa malengelenge mpaka macho hayafunguki. Waridi alikuwa na alama ya chanjo ya utotoni, kwa hiyo yeye aliweza kumshika. Na Zubery vile vile. Walimshika kwa zamu. Asubuhi moja, mtoto akiwa amelala kwenye mapaja ya mama yake, Zubery alimweleza dada yake yote. Alieleza kuhusu nati, patasi, magneto, kuhusu cheche inayochelewa na bomba jekundu. Alieleza kirefu, kama anajitetea, ingawa hakuwa anajitetea.

Waridi alisikiliza mpaka mwisho. Mambo ya mashine hakuyaelewa.

"Ile siku ya chai ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilikuwa najua."

"Nilipokwambia nakwenda kwa mama Severina."

"Nilikuwa najua, dada."

Rukia alifariki siku ya Alhamisi, akazikwa alasiri ile ile, na waliomwosha walikuwa wanawake wawili tu wenye alama za zamani, kwa kuwa wengine waliogopa. Mpaka mvua zilipokwisha watu thelathini na saba walikuwa wamezikwa Rujewa na kwenye mazizi ya jirani. Mama Severina alikuwa mmoja wao.

Chanjo mpya ilifika mwezi wa nne. Barabara ilikuwa imefunguka kidogo, lakini bado pikipiki ndiyo ilikuwa ya haraka, na daktari alimwita fundi yule yule. Zubery alikwenda. Alimpakia dresa mwingine, akaendesha, barafu ikafika Rujewa ikiwa bado inagongana ndani ya chupa.

Waridi alimleta mtoto mchanga kwenye mstari kama wengine. Zubery alinyoosha mikono amshikie mtoto wakati anachanjwa, kama alivyowashikia watoto wa watu wengine asubuhi yote. Waridi alimpa mgongo, akampakata mwanawe mwenyewe, akaukunjua mkono mdogo mbele ya Philbert, aliyekuwa amebaki Rujewa muda wote ule. Mtoto alilia. Philbert alitia tone, akasema, "Usilikune," kwa mazoea, ingawa mtoto hakuweza kumwelewa. Waridi alimfunga mgongoni akaondoka kupitia upande wa majaruba, na aliyefuata kwenye mstari akasogea mbele.